Kuvua Jaketi Hakukupozi: Dhana Potofu za Safari ya Pikipiki Jangwani Oregon

Kila kundi ninaloliongoza kutoka Mto Columbia kwenda kusini mashariki mwa Oregon, jimbo la magharibi mwa Marekani, lina mtu mmoja ambaye, jua likishapanda, huvua jaketi na kulifunga nyuma ya kiti. Ukimuuliza, jibu ni lile lile: "Upepo unanipoza." Nimelisikia mno.

Upepo hupoza pale tu hewa inapokuwa baridi kuliko ngozi, na ngozi yako ina nyuzi joto kama 35. Mchana wa Julai hewa ikifika 38, mwendo wa kilomita 100 kwa saa unakupasha moto. Ni sawa na kujipulizia mashine ya kukaushia nywele kuanzia mji wa Burns mpaka kijiji cha Fields, kusini zaidi jangwani. Kinachokuokoa ni jasho, lakini hewa ile kavu hulikomba upesi kuliko mwili unavyoweza kulitoa. Ndiyo maana mtu hushuka na fulana kavu kabisa, akaapa kwamba hajatoka jasho. Mtazame kwenye kola: kuna mstari mweupe wa chumvi. Maji yote yaliyokuwa na chumvi ile yamekwenda na upepo, na yeye hana habari.

Jaketi hulizuia jua, hupunguza upepo unaofika kwenye ngozi na kulifanya jasho likauke polepole, kwa faida yako. Ukitaka raha zaidi, lowesha fulana. Barabara ya 26 inapofuatana na Mto John Day, penye njia ya kushukia majini, mimi husimamisha kundi zima. Tunachovya fulana, tunazikamua kidogo, tunazivaa, jaketi juu, zipu ya shingoni imeachwa wazi vidole viwili na mikono ya jaketi imelegezwa vifungo. Dakika tano barabarani, mbishi wa asubuhi anatetemeka. Ubaridi huo hudumu karibu saa nzima. Maji hayo ni ya fulana tu. Ya kunywa yatoke kwenye chupa, maana ng'ombe wanalisha kandokando ya mto.

Na usingoje kiu. Kunywa mafunda machache kila mara, na kula kitu chenye chumvi. Dalili ya kwanza ninayoiona kwa mtu aliyeishiwa maji ni makosa madogo madogo: anasahau kuzima indiketa, anapitiliza kona aliyoonyeshwa, anagombana kwa jambo lisilo na uzito. Mtu huyo namshusha kivulini papo hapo, hata kama anasema yuko salama. Hasa kama anasema yuko salama.

"Jangwa ni joto, nguo nzito za nini?" Hili ni jangwa la nyanda za juu. Mji wa Burns uko mita 1,260 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima Steens kinakaribia mita 3,000. Kila ukipanda mita 1,000 joto hushuka nyuzi kama 6, kwa hiyo aliyekuwa akitokwa na jasho kwenye uwanda wa Alvord, chini ya mlima huo, atatafuta sweta huko juu siku hiyohiyo. Usiku mbingu ikiwa wazi, joto la ardhini hupotea upesi. Beba glavu za pili.

"Punguza upepo wa tairi, joto litauongeza." Hapana. Kipimo cha mtengenezaji ni cha tairi baridi, na ongezeko la joto limeshahesabiwa humo. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kwenye lami na kuchemka zaidi. Kwenye changarawe unaweza kupunguza kidogo. Ukirudi lami, jaza.

"Upepo wa bonde la Columbia unataka ukamate usukani kwa nguvu." Ukikaza mikono, kila msukumo wa upepo unapita mwilini mwako na kuingia kwenye gurudumu la mbele. Bana tanki kwa magoti, legeza viwiko, pikipiki ijirekebishe yenyewe.

Mafuta, mwisho. "Tutakuta kituo mbele." Kutoka Burns hadi Fields ni kama kilomita 180, na sipangi safari kwa kutegemea kituo cha katikati. Jaza Burns, hata kama mshale unaonyesha nusu.