Kukausha ua si kulihifadhi

Dada mmoja alinijia na boksi la viatu. Ndani alikuwa ameweka shada lake la harusi, mawaridi meupe, miezi minane tangu siku ile. "Nimeyahifadhi vizuri," akasema, "nataka tu unitengenezee fremu." Nikafunua. Petali zimegeuka rangi ya chai ya maziwa, vikonyo vimeota ukungu, na humo humo kulikuwa na mdudu ambaye kwa nilivyomwona alishahamia na ukoo wake. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha siku hiyo. Lakini tangu hapo nimelisikia neno hilo likitumika vivyo hivyo kwa wateja, kwa wauza maua, hata kwa mafundi wenzangu, na sasa limenichosha.

Maana yenyewe ni fupi. Kuhifadhi maua ya ukumbusho ni kuyaondolea maji, au kuyabadilishia maji kwa kitu kingine, kabla hayajaoza; kisha kuyapanga kwenye fremu au ndani ya rezini, kimiminika kinachoganda kikawa kigumu na kuonyesha kilichomo; kisha kuyakinga na mwanga, unyevu na wadudu kwa muda wote utakaotaka kuwa nayo. (Nimesema ukumbusho, si kumbukumbu. Fremu ni ukumbusho kwa sababu inakukumbusha. Kumbukumbu iko kichwani mwako, au kwenye faili la katibu wa kikao.)

Tatizo liko kwenye hiyo "kisha" ya pili. Watu wanaishia ya kwanza.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya mwisho wa ua. Hunyauka, husinyaa, hufifia rangi, hupukutika, hukauka. Yote hayo ua linayafanya lenyewe, halihitaji mtu. Kukausha ni kuliharakisha na kulielekeza tu: unalibana ndani ya kitabu kizito kwa wiki mbili tatu, au unalining'iniza kichwa chini penye giza na hewa, au unalifukia kwenye kopo la chembechembe za silika. Silika ni zile zile zilizomo kwenye vipakiti vya "usile" unavyovikuta ndani ya boksi la viatu. Yule dada alikuwa na boksi. Kipakiti, kitu pekee ambacho kingemsaidia walau kidogo, alikitupa siku aliyonunua viatu.

Hifadhi ni neno jingine kabisa. Limetujia kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni wa kulinda na kutunza. Mtoto wa chuoni akihifadhi juzuu ya Kurani, ameiweka moyoni, na asipoirudia itamponyoka. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mpaka leo kuna askari wanaoamka alfajiri kuizungukia. Hifadhi ya jamii nayo ni michango ya kila mwezi, si ya siku moja. Popote unapolikuta neno hili, kuna mlinzi ambaye hajaenda kulala. Halafu tukifika kwenye maua tunalipunguza mpaka limaanishe "nimeyaacha yakakauka juu ya kabati".

Anayedhani ni ubishi wa maneno tu, nampa mfano wa gliserini. Chukua tawi lenye majani, lisimamishe kwenye mchanganyiko wa gliserini sehemu moja na maji ya uvuguvugu sehemu mbili. Linakunywa taratibu, siku hadi siku, maji yanatoka na gliserini inakaa mahali pake. Mwisho majani yanabaki laini, unayakunja yasivunjike. Hayo yamehifadhiwa bila kukaushwa. Mawaridi yanayouzwa kwenye boksi la duara kwa bei ya kukutoa jasho, ukiyagusa laini kama ya jana, mengi ndivyo yalivyotengenezwa, na mara nyingi yametiwa rangi pia. Kwa hiyo anayekuuzia mawaridi ya kukausha kwa kuning'iniza akayaita "yaliyohifadhiwa" anakuuzia jina la bidhaa nyingine.

Mfano wa upande wa pili uko Misri. Kaburi la Tutankhamun lilipofunguliwa mwaka 1922 yalikutwa mashada ya maua na majani yaliyozikwa pamoja na mfalme huyo zaidi ya miaka 3,000 nyuma. Maua yalikauka yenyewe, kama yanavyokauka popote. Kilichoyahifadhi ni chumba: giza, ukavu wa jangwa, mlango uliofungwa. Yangekuwa kwenye kibaraza cha Tanga hata msimu mmoja wa masika yasingeumaliza.

Na hapa pwani hilo ndilo linalotuumiza. Ua lililokaushwa vizuri lina kiu. Likiachwa wazi kwenye hewa ya Dar au Mombasa linaanza kunywa unyevu upya, linalegea, ukungu unaingia. Ndiyo maana fremu inazibwa nyuma, kipakiti cha silika kinafichwa ndani, na haitundikwi ukuta unaopigwa na jua. Hata hivyo rangi zitasogea. Waridi jekundu huelekea weusi, jeupe huelekea rangi ya maziwa mazito, ya njano na machungwa huvumilia zaidi. Mteja anapaswa kuambiwa hayo kabla hajalipa.

Kuna wanaoamini rezini inamaliza yote: zamisha ua humo, hewa haifiki, basi limehifadhiwa. Rezini haikaushi kitu. Ua likiingia bichi, maji yake yanafungiwa nalo, petali zinageuka kahawia, vipovu vinajitokeza, na huwezi tena kufungua urekebishe. Lazima likaushwe kwanza. Tena rezini yenyewe ikikaa juani hugeuka njano. Wengine huiita kioo, nalo si kweli. Ni vimiminika viwili vinavyochanganywa vikagandana kuwa plastiki. Lakini ugomvi huo nauacha kwa leo.

Watu wa mimea wanalijua hili kuliko sisi wa fremu. Mkusanyo mkubwa wa mimea iliyokaushwa wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi ulianzia Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902. Kuubana mmea na kuukausha ni kazi ya siku chache. Miaka yote iliyobaki ni kuulinda na wadudu na unyevu. Kwenye kazi hiyo huwezi kumkuta mtu akisema amemaliza kuhifadhi.

Bibi yangu hakuwa na fremu wala rezini. Akirudi harusini alikitoa kikuba kifuani, asumini, rihani na mkadi, akakiweka katikati ya khanga ndani ya kasha. Baada ya wiki maua yalikuwa meusi, yanavunjika ukiyashika, lakini khanga zinanukia. Hakuwahi kusema amekihifadhi. Ukimuuliza alijibu, "Kimekauka, mwanangu, nimekibakisha kwa ajili ya harufu." Neno kwa neno, sahihi.

Yule dada nilimtengenezea fremu, nikaokoa petali kumi na moja na utepe. Na wewe mwenye shada lako juu ya kabati: limekauka, halijahifadhiwa. Lilete hivyo hivyo, na hilo la kuhifadhi tutaanza nalo nikishaziba fremu.