Lensi za kulalia kwa asiyeona mbali: dhana potofu na ukweli

"Ukizivaa mwaka mmoja, macho yamepona."
Hayajapona. Hizi ni lensi ngumu zinazopitisha oksijeni. Huisawazisha konea, kioo angavu cha mbele ya jicho, katikati wakati umelala. Kinachobadilika hasa ni tabaka la juu la seli: hupungua unene katikati, huongezeka kandokando. Nafuu huanza usiku wa kwanza, uoni hutulia baada ya wiki moja au mbili. Ukiacha kuzivaa, konea hurudia umbo lake na namba ya miwani hurudi nayo.

"Basi mtoto hanufaiki."
Ananufaika kuliko mtu mzima. Katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2012, kwa miaka miwili macho ya watoto waliozivaa yalirefuka kwa asilimia 43 pungufu kuliko ya waliovaa miwani. Jicho kurefuka ndiko kunakopandisha namba. Na mchana huwa hana kitu jichoni, hata akienda kuogelea ufukweni Raskazone, Tanga.

"Duka la miwani litakuuzia kwa namba tu."
Bila kupimwa ramani ya konea kwa mashine, usinunue. Namba ikizidi -6, kwa kawaida hazifai.

"Maji ya bomba yakichemshwa yanatosha kuoshea."
Hapa ndipo watu hupoteza jicho. Maji ya bomba, ya kisima na ya bahari huweza kuwa na akanthamiba, kimelea kinachostahimili klorini na kula konea. Maji yaliyochemshwa nayo huchafuka tena chomboni, wala hayaui vijidudu vilivyokwisha kung'ang'ania lensi. Nawa kwa sabuni, kausha mikono kabisa, sugua lensi kiganjani kwa dawa yake, suuza kwa maji ya chumvi tasa (yasiyo na vijidudu) ya chupa, kisha loweka kwenye dawa mpya. Usiongezee juu ya ile ya jana. Kiboksi kikaushe kwa hewa kikiwa kimeinamishwa, na ukibadilishe kila miezi mitatu au mapema zaidi.

Anayeamka kuswali alfajiri atoe lensi kwanza, ndipo atawadhe, maji ya uso yasiingie chini yake. Zinahitaji saa 6 hadi 8 za usingizi, kwa hiyo wa kuamka saa kumi na moja awe amelala saa nne usiku.

"Ikigoma kutoka asubuhi, ivute."
Ukivuta unachubua konea. Tia matone ya kulainisha, subiri dakika chache, bonyeza taratibu ukingo wa kope la chini huku ukipepesa. Itoe pale tu inapoanza kuteleza.

"Jicho likiwa jekundu, nunua matone duka la dawa."
Matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, huuficha ugonjwa huku ukizidi kuenea. Ukiona wekundu, maumivu, kuogopa mwanga au ukungu, toa lensi na uende kliniki ya macho, hospitali ya Bombo jijini Tanga au iliyo karibu, siku hiyohiyo. Beba lensi na kiboksi chake bila kuviosha, maabara ivipime.