Kiongozi wa ushangiliaji anamwongoza nani?

Nasikia sana sifa hii: "Shule yetu ina viongozi wazuri wa ushangiliaji." Ukiuliza uzuri wenyewe uko wapi, unaambiwa wanaruka, wanabebana mabegani, sare zao zinapendeza. Na mashabiki walifanya nini? Walikaa wakarekodi kwa simu.

Kiongozi wa ushangiliaji ni mtu anayesimama kati ya uwanja na jukwaa ili watazamaji washangilie kwa pamoja. Maana yake ni hiyo tu.

Tarehe 2 Novemba 1898, katika mechi ya mpira wa miguu wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanafunzi Johnny Campbell alijitokeza mbele ya umati akauongoza kupaza sauti. Anakumbukwa kwa hilo, wala si kwa kupinduka hewani. Wanawake waliingia katika kazi hiyo chuoni hapo mwaka 1923, na sarakasi ikaja kushamiri baadaye. Leo kuna mashindano kamili ya sarakasi hizo, yana majaji na alama, na mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua rasmi mchezo huo. Ni mchezo mgumu na hatari, siudharau hata kidogo. Ila pale hadhira ni majaji. Kwenye mechi ya shule hadhira ndiyo inayotakiwa kufanya kazi, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo.

Anayeongoza kweli huchagua wito mfupi ambao mgeni ataushika mara ya kwanza: jina la timu, rangi zake, herufi moja moja. Huanza na makofi, kwa sababu mwenye haya hupiga makofi kabla hajathubutu kufungua mdomo. Kisha huita, hunyamaza, huacha jukwaa liitikie. Ule unyamavu wengi hawauwezi. Wanaita na kujiitikia wenyewe. Bango lenye neno la kuitikia huinuliwa zamu ya mashabiki inapofika, si muda wote. Ishara za mikono hufanywa kubwa na za mkato, maana aliye safu ya mwisho huona ishara kabla hajasikia neno. Jukwaa likiwa zito, huanza na kona ile yenye wanafunzi wachangamfu, halafu anaichokoza kona ya pili ijibu.

Tena lazima aujue mchezo. Wito wa kulinda goli wakati timu yako ndiyo inashambulia ni aibu. Katika mpira wa Kimarekani, timu yako ikiwa na mpira unatuliza jukwaa ili wachezaji wasikie maelekezo. Wapinzani wakiuchukua, kelele zirudi. Mchezaji akiumia, kimya, wa upande wowote awe.

Kwa hiyo wale wanaoruka na kubebana kwenye onyesho la mapumziko ya mechi tuwaite kikundi cha sarakasi au cha dansi, na makofi yao wapewe. Shule nyingi huwatumia vijana wale wale kwa kazi zote mbili, sina ugomvi na hilo. Ila kabla ya kuwasifu kwa uongozi, tuulize kwanza kama walioketi safu za nyuma waliitikia.