Nyumba ya kiunzi cha mbao: maana yake na jinsi inavyosimama

Nyumba ya kiunzi cha mbao ni ile ambayo uzito wake wote, kuanzia vigae vya paa hadi sakafu za ghorofa, unabebwa na nguzo na boriti zilizoungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja iliyochongwa nyembamba na kuingizwa kwenye tundu la nyingine. Ukuta haubebi kitu, ni wa kujazia tu. Bomoa kuta zote za kujazia na nyumba itabaki wima. Kata boriti moja isiyopaswa kukatwa, na nyumba itaanza kutanuka polepole hata kama lipu yake imepigwa jana.

Uingereza bado ina nyumba nyingi za aina hii katika miji ya zamani, na baadhi yake ziliwahi kuwa nyumba za wageni. New Inn ya Gloucester ilijengwa karibu mwaka 1450 na abasia ya Mtakatifu Petro, mahususi kwa mahujaji waliokuwa wakienda kuliona kaburi la Mfalme Edward II. Feathers ya Ludlow ina historia tofauti: sura yake ya mbele yenye mapambo ni ya mwaka 1619, ilipokuwa nyumba ya mwanasheria Rees Jones, na ikafanywa nyumba ya wageni karibu 1670. Moja ilijengwa iwe gesti, nyingine ikageuzwa, na mtu anayejua pa kutazama anaziona tofauti hizo kwenye mpangilio wa majengo yenyewe.

Kiunzi

Aliyewahi kujenga kwa fito na udongo atakifahamu haraka, ila kuna jambo moja la msingi linalotofautiana. Nguzo za nyumba ya udongo huchimbiwa ardhini. Hizi hazichimbiwi: zinasimama juu ya boriti ya chini, nayo imelazwa juu ya ukuta mfupi wa mawe ili iwe mbali na maji ya ardhini na ya mvua inayorukaruka. Nguzo iliyozikwa huozea pale pale kwenye usawa wa ardhi, kwa sababu hapo ndipo unyevu na hewa vinakutana. Ukuta huo mfupi wa mawe umechangia kuliko kitu kingine chochote kuzifikisha nyumba hizi miaka 500.

Juu ya vichwa vya nguzo hulazwa boriti iitwayo mwamba, inayokwenda na urefu wa ukuta. Juu ya mwamba, kukatiza upana wa nyumba, hupita mtambaapanya. Makombamoyo ya paa husukuma kuta nje kila siku, usiku na mchana. Mtambaapanya ndio unaozivuta zisiachane. Kichwa cha nguzo kinapokea boriti mbili kwa pamoja, kwa hiyo ni lazima kiwe kinene kuliko shina lake. Seremala aliusimamisha mti kichwa chini, upande wa mizizi ukawa juu, akapata unene huo bila kuunga kipande. Kisha alichonga ndimi mbili kwenye kichwa hicho kimoja, moja ya mwamba na moja ya mtambaapanya, huku mtambaapanya wenyewe ukikamata mwamba kwa kiungo kinachotanuka kuelekea mwishoni ili kisichomoke kikivutwa. Kati ya nguzo kuu huwekwa vinguzo vyembamba, na pembeni mbao za mshazari zinazozuia fremu isilale upande.

Mti wenyewe ni mwaloni, na ulitumika ukiwa mbichi. Mwaloni mkavu ni mgumu mno kwa shoka na patasi. Hukauka kwa wastani wa milimita 25 za unene kwa mwaka, kwa hiyo nguzo ya milimita 250 inaendelea kukauka kwa takriban miaka kumi baada ya wenyewe kuhamia. Katika miaka hiyo inapinda, inapasuka kwa urefu na kujisokota. Nyufa hizo si ubovu, na anayezijaza kwa gundi au saruji anajitafutia kazi.

Ili kiungo kisilegee mti ukikauka, seremala alitoboa tundu la kigingi kwenye ulimi milimita mbili au tatu karibu zaidi na bega la ulimi kuliko lile la kwenye nguzo. Kigingi cha mwaloni mkavu, kilichochongwa kikiwa na ncha, kinapogongwa kinalazimika kupinda kidogo kupita matundu mawili yasiyolingana, na hapo kinauvuta ulimi ndani hadi bega libane. Mwaloni mbichi nao husinyaa na kukishika. Hakuna msumari hata mmoja hapo. Chuma kikikutana na asidi ya mwaloni hupata kutu na kuacha madoa meusi.

Fremu nzima ilikatwa na kujaribiwa chini, kwenye uwanja wa seremala, kisha ikafunguliwa na kupelekwa mahali pake kwa mkokoteni. Ndiyo maana kila kiungo kina alama iliyochongwa kwa patasi, kwa kawaida namba za Kirumi. Nne huandikwa IIII badala ya IV, maana mbao inaweza kusomwa ikiwa imegeuzwa, na IV iliyopinduliwa hufanana na VI. Namba zikivurugika katikati ya ukuta, upande huo ama ulihamishwa ama ulitengenezwa baadaye.

Ghorofa iliyotokeza

Kinachovuta macho ya mgeni ni ghorofa ya juu kutokeza juu ya barabara, kwa kawaida nusu mita hivi. Boriti za sakafu zimepita ukuta wa chini na kuning'inia, na ukuta wa juu umesimama kwenye ncha zake. Kuna faida ya nafasi, na pia ya mti: kila ghorofa inapata nguzo zake fupi, hivyo huhitaji mwaloni mrefu ulionyooka mita kumi. Uzito wa ukuta wa juu kwenye ncha husaidia pia kuzuia boriti zisibonyee katikati ya chumba. Nyumba ikiwa ya kona na ikitokeza pande mbili, boriti haziwezi kwenda pande mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo huwekwa boriti nene ya mshazari hadi kwenye nguzo ya kona, na zile fupi huingia ubavuni mwake. Nguzo hiyo ya kona hubeba kuliko zote, nayo huchongwa mapambo mara nyingi. Wakati mwingine fahari nayo ilihesabika: vinguzo vilivyobanana ni mti mwingi kuliko unaohitajika, na mwenye nyumba alitaka jirani aone.

Alama za gesti

Nyumba ya wageni iliyojengwa kwa kazi hiyo huanza na lango la kupitisha mikokoteni, ua katikati, na mazizi ya farasi nyuma. New Inn ya Gloucester ina ua wa namna hii, na roshani za mbao zilizo wazi ghorofani. Kila chumba kinafunguka kwenye roshani, kwa hiyo mgeni haingii kwake kwa kupita kitandani kwa mwingine. George ya Southwark, London, iliyojengwa upya mwaka 1677 baada ya moto wa 1676, ilikuwa na roshani pande tatu. Upande mmoja tu ndio uliosalia baada ya kampuni ya reli kubomoa nyingine mwaka 1889.

Nyumba ya mtu binafsi iliyogeuzwa gesti haina roshani hiyo. Chumba kilipitia chumba kingine, na mmiliki mpya akalazimika kupenyeza ujia. Ujia unahitaji mlango, na mlango ghorofani mara nyingi unakutana na mtambaapanya. Hapo ndipo maafa mengi huanza: mtu anakata mtambaapanya ili apite akiwa amesimama, na miaka kadhaa baadaye mwamba umesogea nje, matundu ya viungo yamefunguka, na ukingo wa paa umebonyea. Ukiona ukuta wa juu umesukumwa nje karibu na mlango wa darini, tafuta mtambaapanya uliokatwa kabla hujalaumu msingi. Wakati mwingine ulikatwa kwa nyongeza ya bomba la moshi.

Kujazia, na kinachoharibika

Kiambaza kilitengenezwa kwa vijiti vya mwaloni vilivyoingizwa kwenye matundu ya boriti ya juu na mfereji wa boriti ya chini, vikasukwa kwa fito, kisha kukandikwa kwa udongo wenye nyasi zilizokatwakatwa na mavi ya ng'ombe. Watu wawili walikandika pande zote mbili kwa wakati mmoja ili udongo ukutane katikati. Juu yake ilipakwa lipu nyembamba ya chokaa, kwa kawaida kiasi kimoja cha chokaa iliyolowekwa kwa mchanga mara tatu, pamoja na manyoya ya mnyama ili isipasuke. Mvua ikiingia kati ya mbao na kiambaza, inatoka tena. Mfumo mzima unategemea kukauka.

Saruji inafuta hilo. Ikipigwa juu ya kiambaza haipindi pamoja na mti unaopinda, inapasuka pembeni mwa kila nguzo, maji yanapita kwenye nyufa hizo na hayana pa kutokea. Mwaloni ukikaa na unyevu zaidi ya asilimia 20 hivi, kuvu huanza. Kisha bungua wa mwaloni, yule anayegonga kichwa ndani ya mti majira ya machipuko, hufuata kuvu na kuacha matundu ya milimita tatu. Kupaka dawa juu hupenya milimita chache tu, na bungua yumo ndani. Kukausha ndiyo tiba: toa saruji, rekebisha mifereji ya paa, shusha udongo wa nje uliopanda hadi kwenye boriti ya chini. Rangi ya plastiki na silikoni ya kuziba ukingo wa mbao huleta matatizo yale yale, kwa mwendo wa polepole. Matofali ya kujazia, yaliyopendwa baadaye, ni mazito na hubonyeza boriti zilizo chini yake.

Boriti ya chini ikioza, usiondoe yote. Choma kwa ncha ya patasi kila sentimita 20 upate mwanzo na mwisho wa uozo, pandisha nguzo kwa jeki kiasi cha kuondoa uzito tu, badilisha kipande kwa mwaloni, na ukiunge kwa kukata mshazari mrefu. Usijaribu kunyoosha nyumba iliyolala kwa miaka 300: viungo vimeshakubaliana na mkao huo, na kuirudisha wima huvunja ndimi. Na kazi ya chokaa ifanyike kabla ya baridi ya theluji, kwa sababu chokaa mbichi ikigandishwa hubanduka.

Weusi wa mbao kwenye nyumba nyingi za namna hii ni mtindo wa karne ya 19. Mwaloni ulioachwa bila rangi huwa kijivu, au hupakwa chokaa pamoja na kiambaza. Kuukwangua kwa mchanga wa shinikizo huondoa alama za seremala pamoja na rangi, na kwenye nyumba zilizosajiliwa kama majengo ya kihistoria Uingereza, kufanya hivyo bila kibali ni kosa la jinai.