Chama cha Wahandisi Si cha Wenye Mvi Peke Yao

Wahitimu wengi wa uhandisi nchini Tanzania huamini kwamba, wakishasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), wamekwisha kujiunga na chama cha taaluma yao, na kwamba Taasisi ya Wahandisi Tanzania (IET) ni baraza la wazee waliomaliza kujenga madaraja yao. Yote mawili si kweli. Bodi ni chombo cha serikali kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ili kusajili wahandisi na kusimamia mwenendo wao; Taasisi ni chama cha hiari cha wahandisi wenyewe, nacho kina nafasi ya uanachama kwa waliohitimu karibuni.

Mhitimu aliye katika mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu, yanayosimamiwa na Bodi kupitia mpango wa SEAP, huandika katika daftari lake kwamba leo amehesabu nondo za nguzo kabla ya zege kumwagwa, kisha humpelekea msimamizi wake alisaini. Chamani ndiko atakakokutana na mhandisi wa kampuni nyingine atakayemuuliza kwa nini ringi, yaani vyuma vinavyozungushwa kufunga nondo, zimesogezwa karibu zaidi sehemu ya chini ya nguzo.

Kumpa mhitimu fomu ya kujiunga na chama tu hakutoshi. Mwanachama mzoefu amchukue mkutanoni, amtambulishe kwa jina wakati wa chai (ambayo, kwa maoni yangu, mara nyingi hufunza kuliko mada yenyewe), na amwombe aandike muhtasari wa kikao.