Gari likilala miezi: yanayosemwa mtaani na yaliyo kweli

Kila mwezi kuna mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anayeliacha gari nyumbani na kusafiri. Huyu kaenda kusoma, yule kahamishiwa kazi bara, mwingine kapata mkataba Muscat. Funguo anamkabidhi mdogo wake au mlinzi, na maagizo ni yale yale: "Uwe unaliwasha kila asubuhi, dakika tano tu." Akirudi baada ya miezi sita anakuta betri imekufa, gurudumu la nyuma limeng'ang'ania na rejeta inavuja. Lawama zote zinamwangukia mdogo mtu, na maskini wa Mungu kafanya hasa alichoambiwa. Maagizo ndiyo mabovu.

Mzizi wake ni imani kwamba gari huchakaa kwa kutembea tu, likisimama linapumzika. Gari lililozimwa halipumziki. Raba inazeeka, mafuta ya breki yananywa unyevu, betri inapoteza umeme, chuma kinaliwa na kutu. Na sisi wa pwani tuna chumvi. Unyevu wa hewa ukipita kiasi cha asilimia 75, chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani na kulowana yenyewe, na alfajiri nyingi za Zanzibar, Dar na Mombasa hupita kiwango hicho. Kwa hiyo ule utando wa chumvi ulioganda chini ya gari hausubiri mvua. Unalowa usiku, unakauka mchana, na kila ukilowa unakula chuma. Kabla ya safari, gari lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi, kwenye chesesi na ndani ya matao ya magurudumu, kisha liendeshwe mpaka likauke.

"Liwashe kila asubuhi dakika tano"

Ushauri huu unatolewa kwa nia njema kabisa, na ndio unaoharibu magari mengi. Injini ikiunguza lita moja ya petroli hutoa mvuke unaokaribia lita moja ya maji ukipoa. Ukiendesha mwendo mrefu, ekzosi hupata moto na mvuke hutoka wote. Ukiwasha dakika tano na kuzima, mvuke unagandia ndani ya bomba ambalo bado ni la baridi na maji yanabaki humo. Fanya hivyo kila siku kwa miezi minne, ekzosi itaanza kuoza kutoka ndani huku nje inang'aa.

Oili nayo inaumia. Injini ya baridi hupewa petroli nyingi kuliko hewa inavyohitaji, na sehemu ya petroli hiyo hupenya pembeni mwa pistoni ikachanganyika na oili. Maji nayo yanaingia. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili cha gari lililowashwa-washwa hivi, mara nyingi utakuta upande wake wa ndani umepakwa rojo jeupe lenye kunata, zito kama tui la kwanza. Hayo ni maji na oili vilivyopigwapigwa pamoja. Yanaondoka oili ikipata moto wa kutosha kwa muda wa kutosha, na dakika tano za kuunguruma uani hazifiki hata nusu ya safari hiyo.

Betri je, si inachajiwa? Kidogo mno. Alteneta ikizunguka polepole haitoi umeme mwingi, na mwashaji akiwasha redio na AC humo humo, kinachobaki cha kurudisha kilicholiwa tangu jana ni haba.

Kama una mtu mwenye leseni unayemwamini, aliendeshe barabarani nusu saa nzima kila baada ya wiki mbili, AC ikiwa imewashwa ili oili ya kompresa izunguke na sili zisikauke. Kama huna mtu huyo, liache limezimwa kabisa. Kuliacha kimya miezi mitatu ni salama kuliko kulichokoza kila siku.

Na kwenye gereji iliyofungwa, kamwe gari lisiwashwe. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ile ile ya jiko la mkaa linalolazwa ndani. Haina rangi wala harufu, na inaua haraka kuliko mtu anavyodhani. Mwambie hivyo kwa mdomo wako huyo unayemwachia funguo. Usifikiri anajua.

"Betri ni mpya, itavumilia" na "usiiweke betri sakafuni, saruji inanyonya umeme"

Gari lililozimwa bado linakula umeme: saa, alamu, kompyuta ya injini, na kifaa cha kulifuatilia kama kimefungwa. Tuseme linakula miliampea 50, kiasi cha kawaida. Kwa siku hiyo ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 45 itamalizwa ndani ya siku 37 hivi, na stata itagoma mapema zaidi ya hapo. Upya wa betri haubadilishi hesabu hii. Joto letu nalo linaongeza kasi ya betri kujimaliza yenyewe ndani kwa ndani. Tena betri ya risasi na asidi ikiachwa bila chaji, fuwele za salfeti ya risasi hukomaa juu ya bamba zake, na baada ya muda hata uichaji usiku kucha nguvu yake hairudi. Ndiyo maana betri "iliyokufa mara moja tu" huendelea kufa kila wiki.

Dawa ni spana moja. Chomoa temino ya hasi, na hiyo ndiyo itangulie, kwa sababu spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya kwanza utapata cheche kali. Siku ya kurudisha, chanya hutangulia na hasi hufuata. Kabla ya kuchomoa hakikisha funguo inafungua mlango wa dereva kwa mkono, maana rimoti haitafanya kazi. Bora zaidi ni kuitoa betri, kuiweka ndani mahali penye kivuli na hewa, na kuichaji kila mwezi. Ipimwe ikiwa imetulia saa kadhaa: volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu.

Hofu ya sakafu ya saruji ilikuwa na maana zamani, betri zilipokuwa na magamba ya mbao au raba ngumu ambayo yaliweza kupitisha umeme kidogo kwenye unyevu. Magamba ya leo ni ya plastiki. Iweke sakafuni bila wasiwasi, mradi watoto wasiifikie.

"Vuta hendibreki vizuri, lisije likaondoka"

Kwa usiku mmoja, sawa. Kwa miezi, hendibreki iliyovutwa inakibana kiatu cha breki kwenye dramu ya chuma, hewa yenye chumvi inaingia katikati, na kutu inavigundisha. Siku ya kurudi gari linatiwa gia, linajikakamua, halisogei. Likilazimishwa unasikia "paa!" na gurudumu linazunguka, mwenye gari anashukuru Mungu. Fundi akija kupiga dramu kwa nyundo mpaka itoke, anakuta vipande vya bitana ya kiatu vimebaki vimeng'ang'ania dramu na kiatu chenyewe ni bamba tupu. Mlio ule haukuwa wa kufurahia.

Paki sehemu tambarare, weka P au gia ya kwanza, kaza kabari za mbao mbele na nyuma ya magurudumu mawili, kisha achia hendibreki. Huna sehemu tambarare? Tafuta kwa jirani au ndugu.

"Kulanti ni ya Ulaya kwenye barafu, huku maji ya bomba yanatosha"

Hapa naomba nisikilizwe, kwa sababu dhana hii inaua injini nyingi za Afrika Mashariki, na gari lililolala ndilo linaloumia zaidi. Kuzuia barafu ni kazi moja tu ya kulanti, kile kimiminika cha kupoza injini kinachotiwa kwenye rejeta. Inapandisha pia kiwango cha kuchemka: mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwenye nyuzi 107 hivi badala ya 100, hata kabla ya kuhesabu mgandamizo wa kifuniko cha rejeta. Lakini kazi yake kubwa kwetu ni dawa za kuzuia kutu zilizomo. Ndani ya injini kuna alumini, chuma cha kusubu, risasi ya kulehemu au shaba kwenye rejeta za zamani, na vyote vinashirikiana maji yale yale. Maji matupu yanavigombanisha: metali moja inaliwa ili nyingine ibaki.

Gari likitembea kila siku, unaona maji yamepungua na unaongeza. Likilala, uchafu wa kutu unatuama chini, unakaa kwenye vijia vyembamba vya rejeta na kwenye sili ya pampu ya maji. Sasa fikiria yule aliyejaza maji ya kisima. Visima vingi karibu na bahari vina maji yenye chumvi, na chumvi kwenye alumini hutoboa vishimo. Ukifungua rejeta (injini ikiwa ya baridi, tafadhali) ukaona maji ya rangi ya kahawia, hiyo rangi ni injini yako inayoyeyuka. Isafishwe kwa maji safi mpaka yatoke meupe, ijazwe kulanti halisi kwa maji yaliyochujwa madini, kisha iendeshwe kidogo ili izunguke kote kabla ya kulazwa. Kimiminika cha rangi ya kijani kinachouzwa kwenye chupa isiyosema kina nini huenda kikawa maji yenye rangi tu. Soma lebo.

"Lifunike turubai"

Turubai la nailoni linazuia vumbi na macho ya watu. Pia linafungia unyevu. Ardhi inatoa mvuke usiku, unapanda chini ya turubai, unakosa pa kutokea, unalala juu ya rangi. Na upepo wa kusi ukilitikisa, vumbi lililonaswa kati ya turubai na bodi linasugua rangi kama msasa. Kivuli cha bati kilicho wazi pembeni kinalifaa gari kuliko turubai lolote. Ukikosa, tafuta kifuniko cha kitambaa kinachopumua.

Chini ya mti je? Mwembe unadondosha utomvu na kukaribisha popo na ndege, ambao vinyesi vyao vinachoma rangi. Mnazi usiutaje.

Ndani ya gari toa kila kitu cha chakula, ngozi na karatasi, anika zulia mpaka likauke kweli, ukungu hauanzi pasipo unyevu. Panya nao wanapenda boksi la chujio la hewa na kitambaa cha chini ya boneti. Aliyeachiwa funguo afungue boneti kila wiki aangalie. Hii ni kazi yenye manufaa kuliko kuwasha.

Mengine nayapitia haraka. Kwamba oili hubadilishwa kwa kilomita tu si kweli: oili chafu ina asidi na maji, na ikilala inakaa juu ya bearingi miezi yote hiyo, kwa hiyo ibadilishwe kabla ya kusafiri. Kwamba tairi lenye kashata nyingi bado ni zima, nako si kweli. Angalia ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, na jua linapasua raba hata kama haijagusa lami. Jaza upepo zaidi kidogo ya kawaida bila kuvuka kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye tairi, na gari lisogezwe nusu mzunguko wa gurudumu kila mwezi. Kulipandisha juu ya matofali kuna hatari, tofali la saruji hupasuka ghafla bila onyo. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, na aina iitwayo DOT 3 iliyoanza kuchemka kwenye nyuzi 205 ikiwa mpya inaweza kushuka hadi 140, kwa hiyo kama ina miaka miwili ibadilishwe. Na bima ndogo hailipi moto, wizi wala mafuriko kwenye gari lako. Gari lililopakiwa bondeni wakati wa masika linataka bima kubwa, au lihamishwe.

"Kausha tangi, mafuta yasioze wala yasiibwe"

Tangi tupu limejaa hewa, na hewa ya pwani imejaa maji, yanayogandia kwenye kuta za tangi usiku. Pampu ya petroli ya magari mengi ya sasa imo ndani ya tangi, na ikibaki kavu inashika kutu. Jaza tangi karibu lijae, kifuniko kifungwe kwa ufunguo. Petroli huanza kupoteza sehemu yake nyepesi, ile inayorahisisha kuwaka, ndani ya miezi michache, na baadaye huacha gundi kwenye nozeli. Hadi miezi mitatu usijali sana. Ikipita sita, uwe mwangalifu.

Siku ya kurudi, basi, fungua kifuniko cha tangi unuse kwanza. Petroli ikinuka vanishi, fundi aitoe yote kabla ya kugeuza funguo. Ikiwa nzuri, chungulia chini kama kuna kilichovuja, pima oili na kulanti, kanyaga breki usikilize kama pedali inazama, tazama nyaya kama zimeguguniwa, ndipo urudishe betri iliyochajiwa. Diski zitakuwa na kutu ya rangi ya machungwa. Hiyo ya juu juu inaondoka kwa kukanyaga breki kidogo kidogo mara kadhaa kwa mwendo wa pole kwenye barabara tulivu. Kisha pitia kituo cha mafuta, punguza upepo urudi kiwango cha kawaida, na uongeze petroli mpya.