Kudhibiti magugu mjini Unguja bila dawa ya kuulia majani

Kila masika yanapomalizika, wenye nyumba wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo huniuliza suala moja: ni dawa gani ipigwe kwenye majani yaliyoota ukutani, barazani na uwanjani? Kazi yangu ni mimea ya mijini, na ushauri wangu ni kwamba dawa iwekwe mwisho kabisa, na katika kuta na mitaa ya Mji Mkongwe isitumike kamwe.

Sababu ya kwanza ni maji. Sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe, yenye vitundu na nyufa nyingi, na maji tunayokunywa mjini hutoka chini ya ardhi hiyo hiyo, katika visima na chemchemi. Glaifoseti, ambayo ndiyo dawa ya magugu inayotumika zaidi duniani, hushikwa kwa nguvu na udongo inapoangukia shambani. Lakini ikipigwa juu ya sakafu ya mawe au saruji hakuna udongo wa kuishika, na mvua ya mwanzo huikokota hadi mtaroni na kisha pwani. Kuhusu afya, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu, ilhali Umoja wa Ulaya uliiruhusu tena mwaka 2023 kwa miaka 10. Wataalamu wataendelea kubishana. Ufaransa haikusubiri wamalize: tangu tarehe 1 Januari 2017 halmashauri zake haziruhusiwi kupiga viuatilifu vya kemikali katika bustani na barabara za umma, na miji yake imelazimika kurejea kwenye brashi za waya, mvuke na mikono ya watu.

Mtu akishaikataa dawa ya dukani, aghalabu hukimbilia jikoni, na hapa ndipo ninapoona madhara makubwa zaidi katika nyumba zetu za kale. Siki ni asidi, na kuta za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa na chokaa, kitu ambacho asidi hukiyeyusha. Mtu akidondoshea siki kali kipande cha chokaa kikavu ataona povu jembamba likifura; povu hilo ni ukuta unaoliwa. Isitoshe, siki huunguza majani ya juu tu, na mizizi yenye nguvu huchipua tena. Chumvi ni mbaya zaidi. Huingia katika vitundu vya jiwe pamoja na unyevu, na kila jua linapokausha ukuta hugeuka tena kuwa fuwele zinazosukuma chembe za chokaa kutoka ndani, hadi lipu ikabanduka vipande vipande. Kuta zinazopigwa na upepo wa bahari zina chumvi ya kutosha tayari, na hazihitaji kuongezewa na mwenye nyumba.

Adui mkubwa wa kuta hizo ni mtini mwitu. Ndege na popo hula tini na kuziacha mbegu juu ya madari na kwenye nyufa, na mbegu hiyo haihitaji zaidi ya vumbi na unyevu. Mche wenye majani mawili au matatu una mzizi mwembamba kama uzi, na huo ndio wakati wa kuutoa: subiri mvua inyeshe, chokaa ilainike kidogo, ushike mche kwa vidole viwili pale shina linapokutana na ukuta, kisha uvute polepole kwa kufuata mwelekeo wa ufa, wala si kwa kuukata ufa. Mzizi ukitoka mzima utaona ncha yake nyeupe. Ukikatikia ndani, weka alama na urudi baada ya wiki chache. Mti uliokwisha kukomaa usivutwe hata kidogo, kwa sababu mizizi yake imeyakumbatia mawe na yatatoka nayo. Huo ukatwe, fundi anayeijua kazi ya chokaa ayatoe mawe yaliyolegea moja moja, aufuate mzizi hadi mwisho, kisha ajenge upya.

Pengo lililobaki lizibwe kwa kitu gani? Kwa chokaa na mchanga, si kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe. Hufungia unyevu ndani, hupasuka pembezoni, na ufa huo mpya hukusanya vumbi na mbegu. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa ndilo linalopunguza magugu kuliko kifaa chochote ninachokijua: gugu la ukutani huishi katika ufa, na ufa ukizibwa vizuri halina pa kuota.

Kwa sakafu za mawe na miguu ya baraza, brashi ya waya na maji ya moto yanatosha. Maji yawe yanachemka hasa, yamiminwe polepole kwenye shina, na yasiwe yale yaliyopikiwa kwa chumvi. Magugu machanga hufa mara moja, na yaliyokomaa huhitaji kurudiwa. Kuna pia vichomeo vya gesi, ambavyo kazi yake ni kulipasha jani joto kwa muda mfupi tu, bila kuliteketeza, kiasi kwamba likibonyezwa kwa vidole hubaki alama nyeusi. Vinafaa kwenye njia za kokoto zilizo wazi; katika vichochoro vyenye milango ya mbao, boriti na nyaya za umeme sivishauri.

Viwanja vya Ng'ambo vina tatizo jingine, nalo ni ndago. Jembe peke yake huisambaza, kwa kuwa chini ya ardhi viazi vyake vidogo vimeungana kwa minyororo, na kila kipande kinachokatwa huweza kuwa mmea mpya. Hata nailoni ikitandikwa juu yake hutobolewa na ncha zake. Udhaifu wake ni kivuli. Ichimbuliwe kwa uma na viazi vyake, kisha ardhi ifunikwe kwa tabaka nene la makumbi ya nazi au majani makavu, na chipukizi zing'olewe kila baada ya wiki 2, kabla hazijapata muda wa kutengeneza viazi vipya. Mahali penye jua zuri napendelea kupanda viazi vitamu juu yake, kwani vinatambaa upesi, vinafunika udongo wote, na mwenye nyumba anapata matembele. Kazi hii huchukua zaidi ya msimu mmoja, na anayeahidi muda mfupi zaidi hasemi kweli.

Kwenye kingo za mitaro ya udongo, naomba ukoka uachwe, kwani mizizi yake ndiyo inayozuia kingo zisiporomoke wakati wa mvua kubwa. Ufyekwe kabla ya masika na kabla ya vuli, ubaki kimo cha vidole vinne, na nyasi zilizofyekwa ziondolewe siku ile ile, kwa kuwa zikiachwa hapo ndizo zinazokwenda kuziba makalvati.